Moto Mmoja Uani kwa Tadea

Nyumba ya Tadea ilikuwa na vyumba sita vya kupangisha na moto saba. Kila mpangaji alikuwa na jiko lake la mkaa mlangoni, na Tadea mwenyewe alikuwa na mafiga yake nyuma, kwa hiyo jioni ukisimama kwangu, upande wa pili wa uzio wa michongoma, ungedhani ua ule unaungua. Mimi ni fundi cherehani. Nashinda nimekaa barazani, na mtu anayeshinda amekaa huona mengi kuliko anayetembea, hata kama hakuna aliyemwuliza.

Huo ndio mwaka wanunuzi binafsi wa kahawa walipoingia Mbinga na malori yao. Zamani mkulima alipeleka kahawa yake ushirika, akasubiri malipo mpaka akasahau anasubiri nini. Sasa mnunuzi alikufuata mpaka shambani, pesa mkononi. Watu wakaezeka bati, wakanunua redio kaseti, wengine wakaongeza wake. Mji ukajaa wageni: watumishi wa serikali, wachuuzi, madereva. Kila mgeni alitaka chumba, na kila chumba kilitaka moto. Matofali yalichomwa kwa kuni, pombe ikapikwa kwa kuni, ugali ukasongwa juu ya mkaa. Kilima kilicho nyuma yetu, ambacho nilipoolewa kilikuwa na msitu kichwani, kikabaki kipara, na chemchemi iliyotoka ubavuni mwake ikawa inatoa maji kwa kujivuta kama mtoto aliyetumwa dukani wakati anacheza.

Bwana Maendeleo akaitisha mkutano wa mtaa. Alisema wakubwa wanataka mawazo ya wananchi, kila mtaa useme mji utunzwe vipi, watu wake na miti yake. Mawazo yakatoka, we! Mmoja akasema tupande miti kando ya barabara. Mwingine akasema tuchimbe mashimo ya taka. Wa tatu akasema mbuzi wote wafungwe, na mwenye mbuzi wengi akasimama akasema wafungwe kwanza wenye maneno mengi. Tadea alinyoosha mkono mwishoni kabisa. Alikuwa mjane wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya chini iliyokulazimisha unyamaze ili uisikie, na nadhani hilo alilijua. Akasema kwamba maharage ya mtu mmoja na maharage ya watu kumi huiva kwa muda ule ule, basi kwa nini nyumba moja iwe na moto saba? Moto uwe mmoja. Watu wapike pamoja, wale pamoja, kama sengu. Mkutano mzima ukaangua kicheko.

Kwa asiye Mmatengo, nieleze. Sengu ni uwanja wa mzee wa ukoo. Jioni wanaume wote wa ukoo, wakubwa kwa wadogo, walikusanyika pale kwa babu. Kila mke alileta alichopika, kikaliwa pamoja, cha aliyepata na cha aliyekosa, na hakuna aliyelala njaa wakati ndugu yake ana ugali. Hapo hapo mashamba yaligawanywa na kesi zikaamuliwa. Na kulikuwa na mambo ambayo kila mtoto aliyajua kabla hajajua kusali. Anayekusanya watu wakala uwanjani ndiye mwenye uwanja. Ukila kwake umemkubali, huwezi kumeza tonge lake kisha ukasimama kumwambia hapa si pako. Na tena, pale mtu hali peke yake. Anayeachwa ale peke yake ni mwizi au mchawi, na akimaliza kutafuna anaijua njia ya kutokea.

Sasa huyu mwanamke anataka sengu ya wapangaji, wake kwa waume, Wanyasa kwa Wapare. Ndiyo maana walicheka. Tadea alikaa chini, akatengeneza kanga yake, akasikiliza habari za mbuzi mpaka mwisho.

Mimi nilidhani kinachomsumbua ni kuni. Siyo. Mwaka uliotangulia dereva mmoja wa lori alifia katika chumba cha mwisho cha nyumba ile, na sisi majirani tulikuja kujua kwa harufu. Tadea hakulizungumza jambo hilo na watu. Mimi aliniambia mara moja tu, siku nampima gauni, na macho yake yalikuwa ukutani.

“Natalia, mtu alikufa, kati yangu na yeye ukuta mmoja. Na mimi nilikuwa nimemnunia kwa sababu siku hizo hanisalimii.”

Basi alifinyanga jiko la udongo katikati ya ua, la midomo mitatu, akaliezekea nyasi. Akawaambia wapangaji kwamba atakayepika hapo kuni ni zake yeye Tadea, mtu alete chakula tu, na zamu ya kupika ni ya kila mmoja, awe na cheo awe na ndevu.

Wa kwanza kuja alikuwa Augustino, Mnyasa wa Lipingo, mchuuzi wa usipa, wale dagaa wetu wa ziwani. Aliwaleta kwa magunia kutoka pwani ya ziwa, akanuka kama wao, na mdomo wake haukuwa na kufuli. Akafuata Mwalimu Eunice, Mpare, ambaye mpaka siku hiyo alikuwa anakula mlango umefungwa. Aliniambia kwamba tangu ahamishiwe Mbinga hakuna mtu aliyewahi kumwuliza ameamkaje akangoja jibu. Wengine wakasogea mmoja mmoja, baridi ya Juni ikiwasukuma, maana Mbinga mwezi huo hata mbwa anatafuta mwenzake.

Aliyebaki ni Bwana Swalehe, bwana misitu, mtu wa Kondoa. Mchana alizunguka vijijini kuwakataza watu kukata miti, jioni alinunua mkaa. Augustino alimtania kwamba kuna mtu hapa mchana analinda msitu na usiku anaupikia chai. Swalehe alicheka, lakini hakusogea. Alikuwa Mwislamu, na alikuwa anaona. Sisi huku nguruwe ndiye ng'ombe wetu, ndiye harusi yetu, ndiye Krismasi yetu, na Tadea alikuwa nao wawili bandani.

Tadea alipoelewa, nguruwe akawapeleka kwa dada yake milimani. Kisha akamwomba Swalehe amsindikize sokoni, akanunua mbele ya macho yake sufuria kubwa mpya, mwiko mpya na bakuli jipya, wakarudi navyo wote wawili, yeye kabeba mwiko, Swalehe kabeba sufuria kichwani, mtaa mzima ukitazama. Alipofika uani akaapa kwa jina la Bikira Maria kwamba nyama ya nguruwe haitaingia katika sufuria ile. Swalehe akasema kiapo hicho si cha dini yake, lakini amekielewa. Jioni hiyo akala. Augustino alilalamika wiki nzima, akaambiwa anayetaka kitimoto aende baa.

Wakaendelea hivyo. Kuni zilipungua mpaka muuza mkaa akaja kuuliza kama wapangaji wamehama. Mwalimu Eunice alipougua malaria ilijulikana jioni ile ile, kwa sababu nafasi yake kwenye mkeka ilikuwa wazi. Augustino alimpakia kwenye baiskeli na Swalehe akamshikilia kwa nyuma mpaka hospitali. Bwana Maendeleo alikuja na wageni kulipiga picha lile jiko, akajisifu kwamba mtaa wake una mawazo. Ile miti ya kando ya barabara ilikuwa imeshaliwa na mbuzi. Na mimi, ambaye si mpangaji wa mtu, niligundua kwamba uzio wa michongoma una tundu, na Jumapili nilikuwa napita hapo na kibakuli changu cha mboga.

Basi, mwaka ulipogeuka, mashemeji nao wakaamka.

Nyumba ile ilikuwa ya marehemu Romanus, mume wa Tadea, lakini kiwanja kilikuwa sehemu ya ardhi ya ukoo wa Kapinga tangu zamani, kabla mji haujapanda kukifuata. Romanus alimwachia binti mmoja tu, Clemence, aliyeolewa Liuli. Mkubwa wa ukoo alikuwa Gaudence, kaka yake Romanus, mzee aliyekaa kijiji cha juu, mwendo wa kuteremka tu mpaka kwetu. Miaka yote hakumsumbua mjane. Kisha akaja mnunuzi mmoja wa kahawa anatafuta kiwanja cha kujengea ghala, akakipenda kile. Na wakati huo huo Gaudence akasikia kwamba mke wa mdogo wake ameweka sengu.

Alikuja siku ya kwanza akasimama uani, akakataa kiti. Alisema mwenye sengu ndiye mwenye ardhi, na mwanamke akiweka sengu juu ya ardhi ya Kapinga anatangaza kwamba Kapinga wamekwisha. Ukoo umemwachia yeye neno la mwisho, kwa kuwa wengine wako kwenye kahawa. Jumapili baada ya misa atarudi kulimaliza. Kiwanja kitarudi kwa ukoo, na Tadea atakwenda kwa binti yake Liuli.

Akaondoka. Tadea aliogopa, na hakuficha. Aliniambia kwamba Clemence ni mtoto mzuri na mume wake ni mtu mzuri, lakini yeye akienda kule atakuwa mgeni kwenye mkeka wa mkwe mpaka siku atakapozikwa. Swalehe akataka kesi ipelekwe mahakama ya mwanzo, Mwalimu Eunice akasema ataandika yeye maelezo. Tadea akakataa. Jambo la sengu huamuliwa kwenye sengu, alisema, na kama yeye ndiye aliyeiita hivyo, basi aivumilie. Niliona ni ukaidi. Mpaka leo naona ulikuwa ukaidi.

Jumapili hiyo ukungu haukuinuka kabisa. Tulikuwa tumekaa wote kuizunguka sufuria, maharage yanachemka. Gaudence akaingia peke yake, na kofia yake ya kanisani, kabeba kikapu.

Tadea akapiga goti. “Shikamoo, shemeji.”

“Marahaba, Mama Clemence. Sikuja mikono mitupu.”

Akafunua kikapu. Ndani mlikuwa na paja la nguruwe, la asubuhi ile, linang'aa. Alikuwa amechinja wa kwake. Watu walisema baadaye kwamba alifanya makusudi, mtego. Mimi sikubali. Mzee wa Kimatengo akienda na kesi uwanjani kwa mtu huenda na nyama, hata kama anakwenda kukufukuza, ili ufukuzwe kwa heshima. Na nyama ya heshima kwake ilikuwa ile. Maisha yake yote hakuwahi kula na Mwislamu, angejuaje? Alimkabidhi Tadea paja lile kwa mikono miwili, akaelekeza sufuria kwa kidevu, kwamba itiwe humo, iive pamoja na maharage.

Kumkatalia mzee chakula chake ni kumkatalia uzee wake. Tadea alilijua hilo, na alijua nyumba iko mkononi mwa nani. Alishika lile paja, mikono imetota damu, akatazama sufuria, akatazama mkeka.

“Shemeji, nyama yako nimeipokea kwa mikono miwili,” alisema. “Lakini kwenye sufuria hii haiingii. Kuna mtu hapa nimemwapia.”

Gaudence akauliza ni mtu gani huyo. Swalehe akasimama mwenyewe, akamwamkia, akasema hakuna ubaya wowote, yeye atakwenda kula mjini leo, wazee wamalize mambo yao. Alikuwa anamwokoa, na alikuwa amekwisha kuvaa kiatu kimoja.

“Kaa, Bwana Swalehe,” Tadea akamwambia, bila kupandisha sauti. “Ukiondoka wewe, hapa panabaki jiko tu.”

Swalehe akakaa, na kiatu kimoja mguuni. Gaudence akatutazama wote, mmoja baada ya mwingine, kisha akasema basi awashiwe moto wake.

Na Tadea akamwashia. Alipanga mafiga matatu kwenye pembe ya ua, akachukua kijinga kutoka moto wetu, akapuliza mpaka ukakubali. Mwaka mzima hakuwa amewasha moto wa pili katika ua ule. Akamletea kisu, chumvi na kigoda, akarudi akakaa mahali pake karibu na maharage, na machozi yalikuwa yanamtoka. Sikumwuliza kama ni moshi.

Mzee akakata nyama vipande, akachoma. Sasa, sijui kama umewahi kukaa mbele ya maharage yasiyo na kitunguu, mwezi wa Julai, Mbinga, huku hatua chache kutoka hapo mafuta ya nguruwe yanadondokea kwenye makaa. Isipokuwa mtu mmoja, sote tulikuwa wala nguruwe, na walaji hasa. Gaudence hakumwita mtu. Mzee haiti watu kwenye nyama, watu huja wenyewe. Alikaa wima kwenye kigoda chake, akangoja.

Sote tulijua anangoja nini. Akienda mmoja, tena wa pili, basi yeye ndiye aliyekusanya watu uwanjani, na ua ule unakuwa wake pale pale, bila hata neno. Hatukuwa tumepanga lolote. Hakuna aliyemkonyeza mwenzake. Augustino alinyanyuka nusu, akajifanya anafuata maji, akanywa, akarudi kukaa akitazama chini. Mimi nilikuwa nimeshainua goti moja. Mwalimu Eunice alinishika gauni, akalishikilia.

Tulikula maharage. Tulikula polepole, kwa aibu, tukisikia kila mmoja anavyotafuna. Kule pembeni Gaudence alichukua kipande, akakipeleka mdomoni, akakirudisha. Akageuza nyama nyingine, ambayo haikuwa na haja ya kugeuzwa. Upande mmoja ulikuwa umeanza kuwa mweusi. Alikuwa mzee wa ukoo, amehukumu watu wengi, na nadhani alikuwa amewahi kumkalisha mtu hivyo hivyo, peke yake na tonge lake, watu wamempa mgongo. Sasa alikuwa amekaa yeye. Nilimwonea huruma kabla sijajua kwamba namwonea huruma.

Mwisho akainuka. Tulidhani anaondoka, na akiondoka ndivyo hivyo, kesi imekwisha vibaya. Akaenda kwenye kopo la maji, akanawa mikono. Akaitazama, akaomba sabuni, akanawa tena mpaka juu ya vifundo. Swalehe ndiye aliyesogea wa kwanza kumwachia nafasi kwenye mkeka.

Akakaa. Tadea alimmegea ugali. Gaudence akafinyanga tonge, akachovya kwenye maharage, akala. Kila mtu pale alijua tonge lile ni nini, na yeye alijua kuliko sote. Akala la pili. Akaomba chumvi.

Alikula mpaka akashiba, ndipo akasema, na hakumtazama mtu.

“Wanangu wote wameezeka bati. Kila mmoja anapika kwake, anafunga mlango. Wake zao wananiletea sahani, wanaiweka kizingitini, wanaondoka. Nakula natazama ukuta.”

Nyama kule pembeni ilikuwa imeungua kabisa, na mbwa wa jirani alikwisha kuigundua. Tulikuwa tunangoja neno la nyumba, neno la kiwanja, neno la Liuli. Mzee akatia mkono ndani ya bakuli, akafuta mchuzi uliobaki kwa tonge la mwisho, akauliza kesho ni zamu ya nani kupika.

Tadea akajifunika uso kwa kanga. Ikabidi Augustino amjibu mzee kwamba ni zamu yake, kwamba ni usipa, na kwamba akichelewa hatawekewa.